Nukta Haikuachia

Bibi yako atapanda keria yangu. Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, jana asubuhi kule Tinde, na baba yako alikuwepo, kwa hiyo usiseme mama anatia chumvi.

Nimeanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu jana. Uliporudi nyumbani jana jioni ulikuta wageni, na hii si habari ya kusemwa mbele ya wageni. Sasa nikusalimu. Mbula mwanangu, shikamoo zako zote nimeziitikia, za leo na za kesho kutwa ambazo sitazisikia. Mimi ni mzima, ila mguu wa kulia una mambo yake. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, nami nimeipata meza peke yangu kabla jua halijazama. Ukiwa mbele yangu huwa tunabishana, na kesho pale stendi sitaki tubishane.

Sitakuandikia habari za kupika, kufua, wala watu wa kuwaogopa. Umekaa chuo cha ufundi Mwanza, ukarudi na akili zako zote, iliyopotea ni sufuria yangu moja tu. Huko Segese unakokwenda kazini utakula na utalala. Ninachokuandikia ni ile keria ya baiskeli. Umeisikia tangu utoto vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Kipande changu ndicho kilikuwa kirefu kuliko vyote, na ndicho kilikuwa kibovu.

Mimi nilimaliza darasa la saba, tena hesabu nilikuwa naongoza, wasikudanganye ndugu zangu. Baba yako akanioa akanileta Shinyanga mjini nikiwa najua cherehani tu. Bhai, yule Mhindi wa matranka, ndipo alipokuwa ameleta mashine ya kuchomelea kwa nukta. Wewe unaijua, lakini ngoja niieleze kama nilivyoiona siku ile: mikono miwili ya chuma, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja una ncha ya shaba. Unaweka mabati mawili katikati, unakanyaga, ncha zinabana, umeme unapita, pale palipobanwa panayeyuka pakashikana. Inabaki alama kama kifungo cha shati. Wanaume waliikanyaga kama wanaua nyoka, mabati yakawa yanatoboka. Bhai akauliza kama yupo mtu pale anayejua cherehani, maana aliona tatizo ni miguu isiyo na adabu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye watazamaji. Nikanyoosha mkono. Siku ile ile nilifunga tranka zima, Bhai akaligonga, akaligeuza, akasema, "Huyu mama ana mguu."

Nilikuwa nao kweli. Kuanzia Tinde mpaka Kahama, mtoto aliyekwenda shule ya bweni miaka ile alibeba nguo zake ndani ya nukta zangu. Wenzangu walitundika vyeti ukutani. Vyangu vilipita stendi vikiwa vimebebwa kichwani, nikaviona kwa macho yangu.

Ikaja mikanda. Kiwanda cha kuchambulia pamba kilifunga robota zake kwa mikanda ya chuma, chuma chembamba lakini kigumu hasa, ukikikunja kinakurudia na kukupiga. Mikanda iliyobaki na iliyokatika ilifika kwa Bhai. Mingine ilikuwa myeusi, imepakwa rangi kama lami. Mingine ilikuwa myeupe, imepakwa zinki, inang'aa kama bati jipya. Na mji wetu ni wa baiskeli, kama hubebi unabebwa, wakati keria za dukani zilipinda chini ya gunia moja la mpunga. Aliyesema mikanda ile ifanywe keria ni mimi. Si Bhai, si baba yako. Hilo silitoi kwa mtu mwingine, hata leo baada ya yote.

Nilianza na mikanda myeusi. Hiyo ilinitesa, maana umeme haupiti kwenye rangi. Kila pahali pa nukta ilibidi pakwanguliwe kwa tupa mpaka chuma kionekane. Keria zikatoka zina sura mbaya, lakini zilishika. Nyingine zinatembea mpaka leo, na zikipita barabarani namgusa baba yako bega, naye huwa ameshaangalia pembeni.

Nyeupe haikudai kukwanguliwa. Zinki inapitisha umeme yenyewe. Unaweka, unakanyaga, unakwenda nukta nyingine. Mwanangu, ukiona kazi imekurahisishia hivyo, unajisikia umekuwa hodari zaidi. Keria zikatoka zinang'aa, watu wakawa wanasimama dukani kuzishika tu. Nikasema moyoni, sasa hawa ndio watajua mimi ni nani.

Tatizo lilianzia kwenye ncha za shaba. Zilikula zinki zikageuka njano, zikatanuka midomo, na nukta zikaanza kutoka baridi, ukivuta inaachia. Nikafanya ambalo kila mtu angefanya, nikaongeza moto. Zikashika. Zinki ikawa inachemka kando ya nukta na kutoa moshi mweupe, na jioni nilikuwa natetemeka kwa baridi katikati ya kiangazi, mdomoni nina utamu mbaya. Nakunywa maziwa, nalala, asubuhi naongeza moto tena. Mkanda wenyewe, kwa ugumu wake, haukukubali kukaa katika umbo la keria. Niliukunja kwa nguvu, nikaubana kwenye kibao, nikauchomea huku bado unavuta kurudi ulikotoka. Nikimaliza naivuta keria kwa mikono miwili, natamka lile neno letu la karakana: imeshika.

Keria ya baba yako niliifanya nyeupe kuliko zote. Niliichomea nikiwa na mimba yako, tumbo likigusa mashine.

Ulikuwa mchanga kabisa, hata jina hujapewa, baba yako alipokwenda kumchukua mama yake aje akuone. Nyumbani kwa bibi ni ndani kidogo, inabidi utoke kwa baiskeli mpaka Tinde barabarani ndipo upate gari. Akakaa upande kama wanawake wa heshima, kuku mkononi na kibuyu cha samli mapajani. Walipoteremka kwenye korongo, keria ikakatika upande mmoja. Baba yako anasema hakusikia kitu, aliona tu baiskeli imekuwa nyepesi. Bibi alianguka kwa nyonga. Mpaka leo anatembea kama unavyomwona.

Hayo unayajua. Sasa usikie kipande changu. Baba yako alifika jioni, nguo zina udongo, keria mkononi. Nilikuwa nakunyonyesha. Akasema, "Mama ameanguka. Imekatika." Nikanyoosha mkono nikaichukua keria, nikaisogeza penye mwanga, nikaitazama upande huu na upande huu. Ndipo nikasema, "Nukta haikuachia."

Ilikuwa kweli. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake. Kilichokatika ni mkanda, pembeni mwa kifungo, kama kitambaa kinavyochanika kando ya mshono wakati mshono wenyewe ni mzima. Nilikuwa sahihi kabisa, na mama wa mume wangu yuko hospitali. Shangazi yako mkubwa alikuwa anakoroga uji wangu. Akaweka mwiko chini. Kabla ya wiki kwisha neno langu lilikuwa limefika Tinde, na bibi yako akanipa jina. Wengine waliniita Mama Mbula, yeye akaniita Mama Nukta. Kila baba yako alipokwenda kumwona alimuuliza, Mama Nukta hajambo, bado hajaachia?

Mjini hakuja tena. Wewe ndiye uliyepelekwa kwake ukaonwe. Na mimi, badala ya kwenda kukaa naye, nilikwenda kuutafuta ushahidi.

Niliupata. Ufa wenyewe huwezi kuuona, zinki inapoganda inapaka juu yake na kuuficha. Nikapaka mafuta ya taa kuzunguka nukta, nikafuta mpaka pakakauka, nikanyunyiza unga wa chaki. Baada ya kitambo chaki ikalowa mstari mmoja mwembamba kama unywele, ukingoni mwa lile bonde linaloachwa na ncha. Nikajaribu keria nyeupe zote zilizokuwepo dukani. Nyingi zilikuwa na unywele ule. Nikajaribu nyeusi, chaki ikabaki kavu. Nikajaribu matranka, bati la zinki lile lile lakini chuma chake laini, kavu pia. Basi nikajua, kwa macho tu, kwamba zinki peke yake haina ubaya na chuma kigumu peke yake hakina ubaya. Wakikutana kwenye moto, huku chuma kinavutwa, ndipo pana kesi.

Nikaanza kukwangua nyeupe kama nilivyokwangua nyeusi, pande zote, hasa juu pale ncha inapogusa. Ncha nikawa nazipiga tupa kabla hazijawa njano. Moto nikapunguza. Mkanda nikauzoesha umbo kwanza, uingie kwenye kibao bila kugombana. Na mguu nikauchelewesha: umeme ukikatika naendelea kubana mpaka nukta ipoe ndani ya kinywa cha mashine. Nyufa zikaisha. Ila sasa keria zilikuwa na mabaka mabaka kila penye nukta, zimepoteza ule mng'ao. Bhai akazitazama kwa huzuni.

"Mama Mbula, hizi zina mapunye."

"Zina mapunye lakini hazina ufa."

"Watu wananunua kwa macho."

"Wananunua kwa macho, Bhai, lakini wanakaa kwa makalio."

Alicheka mpaka akavua miwani, na mwisho tukakubaliana kupaka rangi ya fedha juu ya mapunye. Unaona jinsi ninavyoisimulia vizuri? Hii ndiyo hadithi niliyokuwa nawapa watu. Fundi aliyeona kosa, akalitafuta, akalitibu. Yote ni kweli. Nimeisimulia sokoni, kanisani, kwenye misiba. Sehemu ambayo mtu mmoja alikuwa anasubiri kule Tinde haikuwemo.

Halafu wewe ukaenda chuo. Siku uliyorudi likizo ukakaa hapa hapa, ukaniambia kwamba chuma ni punje punje zimeshikana, kama mtama ulioshindiliwa, hata kama kwa macho kinaonekana kitu kimoja. Zinki inayeyuka mapema mno, chuma chenyewe bado hakijafika popote. Inakuwa maji, na maji yanatafuta njia. Chuma laini kikivutwa kinanyooka kidogo na kupumua. Kigumu hakijui kunyooka, kinakaza, na maji yale yanapenya katikati ya punje na kuziachanisha. Baba yako alikuwa anakula. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kuna mtu humu ndani ana zinki. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nakutazama mdomo. Mtoto niliyemzaa mimi, niliyemnyonyesha siku ile yenyewe, ananieleza ndani ya chuma kuna nini. Nilijisifu kwa majirani mpaka wakanikimbia.

Na sijui kama nilikwambia nilichofanya kesho yake. Nilipanda gari mpaka Tinde. Nikaenda kwa bibi yako na punje zako zote kichwani, nikamweleza. "Mayu," nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "mjukuu wako Mbula ametoka chuo, amesema ni zinki."

Akanisikiliza mpaka mwisho, huyo mwanamke ana subira. Kisha akauliza, "Zinki aliipaka nani?"

"Walipaka kiwandani huko."

"Na keria aliitengeneza nani?"

Nikarudi na gari lile lile.

Mbula, nimechoka. Sikwambii ili unihurumie, na usibadilishe safari. Mguu huu umekanyaga ile pedeli tangu hujazaliwa, siku hizi unanikanyaga wenyewe. Lakini uchovu mwingine ni ule wa kuwa na haki. Kila siku unaamka unaibeba, hairuhusiwi kudondoka, na ukifika jioni hakuna aliyekuomba uibebe.

Jana hatukwenda Tinde kwa hekima yoyote. Tulikwenda kumwambia unaondoka. Baba yako alitoka alfajiri na baiskeli, mimi nikafuata kwa gari, halafu tukatembea pamoja kutoka barabarani, yeye anaikokota, kwa sababu mimi sikutaka kupita lile korongo nimekaa. Tulimkuta bibi anamenya karanga.

"Mwangaluka, Mama Nukta," akanisalimu Kisukuma. "Karibu."

"Shikamoo, Mayu."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikaketi chini pale pale kabla sijaonyeshwa kigoda, mguu ulikuwa umegoma. Maneno yote yakaenda zake.

"Mayu," nikasema, "keria yangu ilikatika, ukaumia. Pole."

Akaacha kumenya. Baba yako akasimama na baiskeli yake kama mtu aliyeona nyoka.

"Endelea," akasema bibi.

"Nimemaliza."

"Na nukta?"

"Leo sina habari za nukta."

Akaanza kucheka, Mbula, polepole, mpaka akakohoa, baba yako akakimbilia maji. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe pole yenyewe ilikuwa fupi hivi?" Akanisogezea ungo tumenye wote. Nililia kwenye karanga zake, naye akajifanya hajaona, akaendelea kuniuliza habari za mvua za huko mjini.

Baadaye akataka kujua kazi yako. Nikamwambia unakwenda karakana moja Segese, wanafunga viti kwenye magari ya kubebea watu wa mgodini. Akauliza kama viti hivyo vinakaliwa kweli au ni vya kuonyesha. Nikamwambia vinakaliwa, gari likiwa limejaa, na barabara ni mbovu. Akasema basi atakwenda kuviona, ila tumwambie tutamfikishaje barabarani kwa nyonga yake. Mimi nikatazama karanga. Baba yako akatazama miti. Bibi akainuka na fimbo yake, akaenda penye baiskeli, akaigonga keria mara kadhaa kama anayegonga mlango wa mtu asiyempenda.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama Mbula," baba yako akajibu.

Ikanijia kwenye ulimi, mwanangu. Kwamba hii imekwanguliwa, imebanwa mpaka ikapoa, chaki imekauka. Nilimeza yote. Ilikuwa ngumu kuliko kukuzaa.

"Nitapanda," akasema bibi. "Lakini nikianguka safari hii, pole yangu niipate siku hiyo hiyo."

Ndiyo habari niliyokuanzia.

Huko Segese najua utakayoyakuta, chuma kigumu na zinki viko kila mahali siku hizi, na tajiri wako atataka king'ae kama Bhai alivyotaka. Kukwangua unajua, ncha unajua, kubana unajua kuliko mimi. Fungua madirisha, moshi ule usiuzoee. Wenzako watavuta kiti kwa mikono na kusema kimeshika, na mara nyingi kitakuwa kimeshika. Lakini utafunga viti vingi, Mbula, kwa miaka mingi, na siombei, ila iko siku mtu atainuka kwenye kiti chako ameumia au hatainuka mwenyewe. Jicho lako litakimbilia kwenye nukta kabla hujalituma. Hilo huwezi kulizuia, umelirithi kwangu, na ni jicho zuri, mimi ndiye ninayekwambia. Liache litazame. Mdomo uulize ameumia wapi.

Naona watoto wa jirani wanakimbia kuelekea njiani, pengine ni wewe unarudi. Nitaiweka barua hii chini ya khanga zako ndani ya tranka, utaikuta ukifika.

Baba yako ameshamwomba jirani atuangalizie kuku. Bibi ameagiza nimshonee gauni la safari, tena amechagua rangi, na amesema asisikie mtu anamwita mgonjwa ndani ya basi. Usiombe ruhusa kwa tajiri wako, siku hiyo ni sikukuu, mtakuwa mmefunga. Tutapandia Tinde asubuhi, tubadilishe gari Kahama, na kabla ya saa za chakula cha mchana utatuona. Tunakuja wote watatu, Nanenane.